Kiwanja cha Kambi Kubwa ya Vijana: Kikague Kikiwa Kimelowa

Kile kiwanja nilikipenda siku ya kwanza. Ilikuwa Agosti, nyasi zimekauka, ardhi ngumu kama sakafu, upepo mwanana, na mbele yake kilima cha kupigia picha. Mwenyeji wetu alitutembeza kutoka mwembe hadi mwembe akisema hapa hata wakija elfu tano wanaenea. Tukapeana mikono palepale. Desemba tukarudi na vijana, na mvua ya usiku wa pili ikatuonyesha tulichokuwa hatujakiona. Lori la chakula lilizama hadi kwenye ekseli. Mashimo ya vyoo yalijaa maji kutoka chini. Mahema ya wasichana, tuliyoyaweka bondeni kwa sababu palikuwa patulivu, yaliamkia ndani ya dimbwi. Siku ya tatu mama mmoja aliyekuja kutuuzia maandazi alituangalia weee, kisha akauliza kwa upole: "Wanangu, ni nani aliyewatuma mlale jarubani?"

Kumbe lilikuwa shamba la mpunga. Kijiji kizima kilijua. Sisi hatukuuliza.

Tangu hapo nimekaa kwenye kamati ya uwanja mara kadhaa, na utaratibu ulioko hapa chini ndio tunaoufuata. Unafaa kwa jamborii ya skauti, kwa makambi ya Watafuta Njia (vijana wa Kanisa la Waadventista Wasabato), kwa kongamano la vijana wa parokia au ijtimai ya wanafunzi. Mfano nitakaoutumia ni vijana 3,000 kwa siku sita, hapa Tanzania. Aliye Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ofisi tu. Matope hayana uraia.

Hatua ya 1: Kabla ya kuwasha gari, kaeni na karatasi

Jambo la kwanza ni ukubwa. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvitumia kupanga kambi za wakimbizi na waathirika wa maafa, ni kipimo kizuri cha kuanzia, kwa kuwa vinahusu watu wanaolala chini ya turubai kweli. Vinataka mita za mraba 45 kwa kila mtu, zikijumlisha njia, jikoni, vyoo na nafasi ya pamoja. Zinaweza kushuka hadi 30 endapo huduma za pamoja ziko nje ya eneo la makazi. Tukichukua hiyo 30 kwa watu 3,000, tunapata mita za mraba 90,000, yaani hekta 9. Kwa hesabu ya shambani ni ekari 22 na kidogo. Kama hujazoea ekari, tembea hatua 70, kata kona, tembea nyingine 70. Mraba huo ndio ekari moja, na unahitaji ishirini na mbili za namna hiyo.

Kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68, kwa kipimo hichohicho, kinabeba watu 240 hivi. Kwa hiyo mkuu wa shule akikwambia ana viwanja viwili vya mpira na mnakaribishwa sana, mshukuru, kisha muulize kuhusu mashamba ya shule.

Kambi ya siku sita inaweza kubanana kuliko kambi ya wakimbizi, sikatai. Lakini ukibana, bana eneo la michezo, usibane njia. Kati ya hema na hema iache angalau mita mbili, na mahema yakiendelea kwa mita 300 bila kukatika, weka pengo la mita 30 la kuzuia moto. Mwaka mmoja tulipunguza njia ili tuongeze mahema, na matokeo yake gari la wagonjwa lilisimama mbali huku kijana akibebwa kwenye blanketi.

Hatua ya 2: Amua msimu na mkoa kwa pamoja

Shule zetu hufungwa Juni na Desemba, na kamati nyingi huchagua mwezi kwanza halafu mahali baadaye kana kwamba havihusiani. Pwani na kaskazini masika hunyesha Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo Juni huwakuta watu mvua imepita na visima vimejaa. Dodoma, Singida na mikoa ya kusini ina msimu mmoja mrefu wa mvua unaofika karibu na mwisho wa mwaka na kwenda hadi Aprili au Mei. Kambi ya Desemba huko inaingia kwenye mvua ikiwa macho wazi.

Juni nayo ina yake. Njombe na Makete wakati huo kuna baridi ya sakitu, na kijana wa Dar es Salaam atakuja na shuka moja jepesi hata ukimwandikia barua tatu. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe kabla ya kulipa chochote, usingoje utabiri wa siku tano ambao utakukuta umeshakodi mabasi.

Hatua ya 3: Tafuta kwanza mahali palipozoea umati

Kuna mvuto fulani wa kwenda porini kabisa, na wazee wa skauti watakuambia kambi bila pori si kambi. Kwa vijana 200, sawa. Kwa 3,000, pori tupu maana yake ni kujenga mji mdogo kwa fedha za michango.

Angalia shule kubwa za bweni zikiwa zimefungwa: zina matundu ya vyoo, jiko la kuni lenye sufuria za kutosha, bwalo, na mlinzi anayejua kila kona. Angalia pia viwanja vya Nane Nane, kama Nzuguni Dodoma, John Mwakangale Mbeya, Themi Arusha au Ngongo Lindi. Vimejengwa kwa ajili ya kupokea maelfu ya watu, vina maji na umeme, na sehemu kubwa ya mwaka vimelala. Epuka tu mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, maonesho yanapokuwa yanaandaliwa au kuendelea. Kasoro yake ni kuwa ni vya mjini: kelele, vibaka, na kijana anayetoroka kwenda kula chipsi.

Kuazima uwanja wa maonesho si jambo la kuonea haya. Watafuta Njia wa Marekani Kaskazini, ambao hukusanyika makumi ya maelfu kila baada ya miaka mitano, walipiga mahema Oshkosh, Wisconsin, kuanzia 1999 hadi 2019, kwenye uwanja wa maonesho ya ndege. Mwaka 2024 walihamia Gillette, Wyoming, na huko pia walikwenda kwenye uwanja wa maonesho. Skauti wa Kenya wana Rowallan jijini Nairobi na wa Uganda wana Kaazi kando ya Ziwa Victoria. Ardhi iliyokanyagwa na kambi kwa miaka mingi, makosa yake yanajulikana.

Chagua maeneo matatu. Ukiwa na moja tu utalitetea hata likiwa bovu.

Hatua ya 4: Maji

Hapa usimwamini mtu. Pima.

Kiwango cha chini cha Sphere ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi wa mwili. Kwa 3,000 ni lita 45,000 kila siku, na lita 270,000 kwa kambi nzima. Ukifikiria kwa maboza ya lita 10,000, ni maboza manne na nusu kila siku, na kila moja linatakiwa lifike, ligeuze, lishushe, litoke. Vijana wanaocheza juani hutumia zaidi.

Nenda kwenye chanzo na ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Fungua bomba au washa pampu, pima sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kwa sekunde: lita 1,800 kwa saa, lita 43,200 kwa saa 24. Utasema karibu inatosha. Haitoshi, kwa sababu pampu haitafanya kazi saa 24, umeme utakatika, na kijiji nacho kinakunywa maji hayohayo. Rudia kipimo jioni na tena asubuhi yake, kisima kikiwa kimeshachotwa na kina mama. Ukiona kasi imeshuka sana, kisima hicho hakiwezi kubeba wageni.

Hilo la kijiji lina uzito wake. Kambi inayokausha kisima cha watu kwa siku sita haikaribishwi tena, na isikaribishwe. Ongea na chombo cha watumia maji cha pale na ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, mapema, mkubaliane saa za kuchota, mchango wa dizeli na nani analipa pampu ikiungua. Njia iliyotusaidia ni kuleta matangi makubwa siku nne kabla na kuyajaza usiku, kijiji kikiwa kimelala. Tangi likae juu kidogo ya kambi ili maji yashuke yenyewe.

Yaonje. Visima vingi vya kanda ya kati vina chumvi, sabuni haitoi povu, na mtoto asiyezoea hanywi. Anakaa na kiu mpaka anaanguka gwaride la saa saba mchana. Maji yapelekwe maabara, na hata yakija safi yatiwe klorini, ikibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita bombani. Maji ya Ziwa Victoria yasiwe ya kuogea hata kama yanapendeza: kichocho kipo, na penye matete mengi mamba na kiboko nao wana haki zao.

Bomba moja kwa watu 250 ndicho kiwango, kwa hiyo 12. Mimi huweka 24, maana vijana hunawa wote kwa pamoja, dakika kumi kabla ya chakula.

Hatua ya 5: Udongo, na maji yatakapokwenda

Mteremko unaotakiwa ni mdogo: ardhi ishuke mita moja hadi tano kwa kila mita 100. Tambarare kabisa ni mtego, ingawa ndiyo inayopendeza macho, kwa sababu maji hayana pa kwenda. Mteremko mkali nao huwafanya watu walale wakiporomoka.

Chukua jembe. Udongo wa kichanga au tifutifu unakubali maji na unashika vigingi vya hema kiasi. Udongo mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa kiangazi, ule ambao kidole kinaingia kwenye ufa, ukiloweshwa unakuwa gundi, gari halitoki. Chimba shimo lenye kina cha goti, jaza maji jioni, yakishuka jaza tena, kisha ulale. Asubuhi ukiyakuta bado yametuama, ondoka hapo bila kujadiliana.

Ardhi yenyewe husema ukiisoma. Matete, ndago na mikindu hupenda unyevu, hivyo ukiviona katikati ya kiangazi jiulize vinakunywa wapi. Tafuta mstari wa tope kwenye mashina ya miti, na takataka kavu zilizonasa kwenye matawi ya chini au kwenye ua wa miiba: hapo ndipo maji yalifika. Korongo kavu linaloonekana kama njia ya mkato ni mto usiokuwa na maji leo. Pwani, muulize mvuvi maji ya bamvua hufika wapi, maana ufuo uliokagua bahari ikiwa imekupwa si ule utakaoamkia.

Halafu waulize wanaolima. Mwenyeji anayekukaribisha ana sababu ya kukupendezesha. Muuza maandazi hana. Swali langu siku hizi ni moja tu: "Mwezi wa mvua kubwa, hapa huwa panalimwa nini?"

Na msidhani ni makosa ya wanyonge. Jamborii ya Skauti Duniani ya Agosti 2023 ilifanyika Saemangeum, Korea Kusini, kwenye ardhi iliyotwaliwa baharini nyuma ya ukuta wa zaidi ya kilomita 33. Eneo lilipitishwa mwaka 2017. Walikuwa na miaka sita. Ardhi ilikuwa tambarare, maji ya mvua za kabla yalituama, mbu wakazaliana, mahema yakawekwa juu ya majukwaa ya plastiki ili yasiloe, na juu ya yote hapakuwa na mti wa kujikinga joto lililopita nyuzi 35. Walikuwapo vijana na viongozi kama 43,000. Msafara wa Uingereza, watu wapatao 4,500, uliondoka kambini kabla ya wiki ya kwanza kwisha, ukafuatwa na wa Marekani na wa Singapore. Nchi tajiri yenye barabara na mitambo yote iligombana na tope na jua, na tope na jua vikashinda.

Hatua ya 6: Vyoo

Kamati huwa hazipendi kuzungumza habari hii, kisha inakuwa ndiyo habari pekee ambayo kambi nzima inaizungumza.

Choo kimoja kwa watu 20 ndilo lengo la kambi iliyotulia. Katika siku za mwanzo za dharura hukubaliwa kimoja kwa 50. Kwa 3,000 ni kati ya matundu 150 na 60. Sisi hatushuki chini ya 100, na kikao kilichotaka tushuke nilikiomba kipige foleni mfano: kijana mmoja dakika tatu, wote wanataka kabla ya sala ya asubuhi. Walielewa. Gawanyo lisiwe nusu kwa nusu. Penye watu wengi wasichana huhitaji matundu mengi zaidi kuliko wavulana, hadi matatu kwa moja, na wavulana wanaweza kuongezewa mahali pa kukojolea kwa gharama ndogo.

Kwenye ukaguzi, mambo haya yaangaliwe kwa mikono. Choo kisiwe zaidi ya mita 50 kutoka mahemani, la sivyo usiku hawatakwenda, na wewe utajua asubuhi walikwenda wapi. Kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, upande wa chini. Kitako cha shimo kiwe mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, kwa hiyo chimba shimo la majaribio. Ukikuta unyevu kwenye mita tatu, shimo lako lina mita moja na nusu tu ya kutumika. Kwenye miamba huchimbi kabisa, utalipia gari la kunyonya majitaka, na lazima lipate njia ya kufika.

Shule ikikuambia ina matundu 40, pita yote 40. Mwaga maji kwenye kila moja. Ingiza mti mrefu uone shimo limebaki na kina gani. Mara moja tulihesabu 36 kwenye karatasi na tukakuta 19 yanayotumika, mengine yakiwa stoo ya madawati. Vya wasichana viwe na komeo la ndani, taa njiani, maji na chombo chenye mfuniko cha taulo za kike. Mlete mlezi wa kike kwenye ukaguzi. Sisi wanaume hatuoni tusichowahi kukihitaji.

Hatua ya 7: Miti, upepo, na wenye makazi yao

Kivuli kinahitajika saa sita mchana, kwa hiyo kagua saa sita mchana. Asubuhi kila mti una kivuli kirefu. Mkaratusi hudondosha matawi bila kuaga, na mti wowote mkavu au wenye mhimili uliooza ukatwe au eneo lake lizungushiwe kamba. Mti mmoja mkubwa ulio peke yake uwanjani unavutia radi, na kandokando ya Ziwa Victoria radi si hadithi.

Upepo ujulikane unatoka wapi mwezi huo. Pwani mwezi Juni ni kusi, unatoka kusini-mashariki, hivyo jiko na vyoo viende upande ambao moshi na harufu vitapelekwa mbali na mahema. Singida na Dodoma upepo wa mchana huinua vumbi na hema lolote lililofungwa kivivu.

Sasa viumbe. Nyasi ndefu zinafyekwa wiki mbili kabla, siyo jana yake, ili nyoka na panya wahame na kupe wapungue. Mbigili zitatoboa sakafu ya kila hema na kila ndala. Upupu ndio adui nisiyemtakia mtu: hukauka baada ya mvua, na upepo ukipuliza vinyweleo vyake, kundi zima linajikuna na kulia. Utafute kwenye vichaka na kingo za mashamba, na usiuchome moto. Vibanda vya udongo vilivyoachwa visitumike kulaza watu kwa sababu ya papasi. Jirani na hifadhi, muulize askari wa wanyamapori, asiyekuwa na haja ya kuwapendezesha, tembo hupita wapi.

Hatua ya 8: Barabara ya kuingilia na ya usiku wa manane

Vijana 3,000 ni mabasi 50 ya watu 60, na yote yatafika mchana mmoja. Pita njia na dereva wa basi, si na dereva wa gari dogo: yeye ndiye anayeona kona isiyogeuka, nyaya za umeme zilizolegea, kalavati lililopasuka. Tafuta njia ya pili ya kutokea. Penye mto usio na daraja, muulize mtu wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mto unajaa lini na kwa muda gani.

Kisha fanya zoezi moja ambalo wengi huliruka. Saa nane usiku, panda gari kutoka katikati ya kiwanja hadi hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, ukiangalia saa. Zahanati ya kijiji ni nzuri kwa malaria na vidonda. Haitoshi kwa mguu uliovunjika mara mbili. Kipimo changu ni dakika 45. Ikizidi hapo, lazima daktari na gari la wagonjwa vilale kambini. Simu yako inashika mtandao wapi kiwanjani, uandike.

Hatua ya 9: Pa kukimbilia

Swali liulizwe kwa sauti kwenye kikao: mvua ya mawe ikianguka saa saba usiku, hawa watoto wanakwenda wapi? Darasa la kawaida litawakalisha sakafuni kama 60. Kwa 3,000 unahitaji madarasa 50, au bwalo, kanisa, msikiti, ghala la ushirika, vyovyote vilivyo ndani ya mwendo wa miguu, na funguo zake ziwe kambini. Paa zisizofungwa vizuri haziwekwi kwenye hesabu.

Saemangeum waliokolewa na nchi kuwa na pa kuwapeleka watu. Kimbunga Khanun kilipokaribia, tarehe 8 Agosti kambi nzima ilihamishwa kwa mabasi zaidi ya 1,000 kwenda vyuoni na kwenye majengo mengine, mengi yakiwa Seoul na jirani zake. Wewe hutapata mabasi 1,000. Utapata malori mawili na shule ya msingi ya jirani, basi ihesabu leo.

Hatua ya 10: Wenyeji na vibali

Anza chini uende juu. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake, mtendaji wa kata, kisha ofisi ya mkuu wa wilaya, polisi wa wilaya, mganga mkuu wa wilaya, zimamoto. Ukianza na mkubwa ukashuka na barua yake, kijiji kitakukubalia mdomoni tu. Eneo likiwa ndani ya msitu wa hifadhi, kibali ni cha TFS, wakala wa huduma za misitu, na cha kuni ni kingine tena. Hesabu gesi kabla ya kuamua. Kila malipo ya serikali yawe na kumbukumbu namba na risiti. Anayetaka ya mkononi ni wa kukimbiwa.

Uliza kama kiwanja kina kesi. Uliza kwa mwenye nacho, kisha kwa jirani wa kushoto na wa kulia, majibu yasipofanana subiri. Uliza makaburi yalipo na sehemu za tambiko, uziache. Uliza mifugo hupita wapi kwenda kunywa. Wafugaji hawatabadilisha njia ya ng'ombe mia nne kwa ajili ya wimbo wa kambi. Vilabu vya pombe vilivyo jirani vionekane mapema, pamoja na saa za disko.

Hatua ya 11: Lala hapo

Nenda mara tatu: siku ya kuona, siku ya kupima, na siku ya kulala. Ile ya kupima iwe msimu wa mvua, ikiwezekana kesho yake baada ya mvua kubwa, hata kama kambi yenyewe ni ya kiangazi. Siku ya kulala, wapeleke viongozi 40 au 60 wapige mahema, wapike, watumie vyoo, waamke. Watarudi na orodha ambayo hakuna ramani ya simu itakayokupa: muadhini au kengele ya saa kumi, vyura, siafu, harufu ya machinjio upepo ukigeuka.

Saemangeum nao walipanga kambi ya majaribio Agosti 2022. Ilifutwa.

Hatua ya 12: Kuamua, na kuandikiana

Kamati nyingine hutoa alama: maji kumi, mandhari kumi, barabara kumi, kisha zinajumlishwa. Sipendi njia hii. Niliona kiwanja kikishinda kwa mandhari na bei huku maji yakipata alama mbili, na alama mbili za maji hazifidiwi na kilima kizuri. Sisi tuna mambo matano yanayokataa kiwanja papo hapo: maji hayafiki kiasi kwa kupimwa, ardhi inatuama, mashimo ya vyoo hayachimbiki na gari la majitaka halifiki, hakuna pa kukimbilia, au umiliki una mgogoro. Kinachopita hayo matano ndicho kinachojadiliwa, na hapo hata uzuri wa kilima uruhusiwe kusema.

Mkishaamua, andikeni mkataba hata kama mwenyeji ni rafiki. Uonyeshe mipaka kwa mchoro, siku za kuingia na kutoka zikiwamo zile nne za maandalizi na mbili za kusafisha, nani analipa maji na umeme, nani anashika funguo za majengo, na fedha inarudi kiasi gani mkuu wa wilaya akizuia mkusanyiko. Siku ya kukabidhiwa pigeni picha kila jengo, kila bomba, kila mti uliokwisha kuvunjika, na mwenyeji awe kwenye picha. Siku ya kuondoka mashimo yafukiwe mpaka yawe kichuguu, maana udongo hutitia, na wekeni mti au jiwe juu ya kila moja ili anayekuja kulima baada yenu ajue pa kutokupitisha jembe.